Fundi wa Arua anauliza: watafiti wa misitu tuwaambie wachunguze nini kwanza?

Swali: "Mzee, mimi ni seremala hapa Arua, na nyumbani nina ekari mbili za paini na mikaratusi kidogo. Wenzangu wamenichagua niende kwenye kikao ambako watu wa utafiti watatuuliza mambo gani ya misitu na mbao yachunguzwe kwanza. Mbao ninazonunua siku hizi zinapinda, mkaa umekuwa ghali, na zile mbao ngumu kutoka Congo haziji kama zamani. Sijasoma sana. Niseme nini huko? Na huo utafiti utatufaa lini, au tutazeeka tukiusubiri?"

Jibu:

Ndugu fundi, anza na hizo mbao zinazopinda, na usione haya kwamba ni jambo dogo la karakana. Wengi mtakaokaa nao mezani watazungumzia ukubwa wa misitu iliyopotea, na wana haki. Hesabu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba mwaka 1990 misitu ilifunika karibu asilimia 24 ya ardhi ya Uganda, na kufikia 2015 ilikuwa imebaki kama asilimia 9. Lakini hilo wanalijua. Setilaiti inawaonyesha kila mwaka. Kisichojulikana vya kutosha ni kile unachokishika wewe kila asubuhi: mti ukishaanguka unakwenda wapi, unatoa mbao ngapi, kiasi gani kinageuka unga, na nani anarudi kutazama kisiki.

Nimefanya kazi hii muda mrefu, na kila nikiletewa swali la utafiti naliuliza swali lake: jibu likipatikana, nani atabadilisha nini? Kama ni mkulima atakayechelewesha shoka, mpasuaji atakayebadilisha msumeno, au mama atakayeacha mti fulani shambani, basi swali hilo lina uzito. Kama jibu litaishia kwenye kabati, tuliweke nyuma ya foleni. Nenda na kipimo hicho. Hakihitaji shahada.

Sasa turudi kwenye ubao wako. Sehemu kubwa ya paini tunayoiona sokoni leo ilipandwa baada ya mwaka 2004, ulipoanza mpango wa ruzuku kwa wapanda miti ya mbao, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya na Norway. Mashamba ya zamani ya serikali yalikuwa yanakwisha. Mpango ule ulimlipa mkulima baada ya wakaguzi kuona miti imesimama na imepaliliwa, na kwa njia hiyo ulifundisha watu wengi nafasi, kupogoa na kupunguza miti. Ukipanda mita 3 kwa mita 3 unapata miti 1,111 kwa hekta, yaani kama 450 kwa ekari yako moja. Halafu unapunguza kwa awamu, mpaka wabaki wachache walionyooka, nao ushauri ulikuwa uwasubiri miaka 18 hadi 20.

Lakini karo ya shule haisubiri miaka 18. Mkulima anauza mapema, mnunuzi anapokea, na wewe ndiye unayekutana na matokeo kwenye paa la mtu. Paini katika miaka yake ya mwanzo hujenga mbao dhaifu kuzunguka kiini. Nyuzi za sehemu hiyo, ukizitazama kwa hadubini, zimejengwa kwa mshazari mkubwa, kwa hiyo ikikauka inasinyaa hata kwa urefu, jambo ambalo mbao iliyokomaa hulifanya kidogo sana. Ukipasua gogo changa, ubao mmoja unabeba kiini upande huu na mbao ya nje upande ule. Upande wa kiini unajivuta, wa nje unakaa pale pale, na ubao unakunjika kama upinde. Zaidi ya hapo, nyuzi za karibu na kiini huwa zinazunguka mti kama kamba iliyosokotwa. Ndiyo sababu boriti nyingine haiishii kukunjika, inajinyonga.

Siku moja kule Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala, fundi mmoja alinilazia sakafuni ubao wa inchi 6 kwa 2. Pembe tatu ziligusa saruji. Ya nne iliinuka kiasi cha kupitisha vidole viwili. Alikuwa ameununua wiki tatu kabla, umenyooka kabisa. Akaniuliza kama kosa ni lake, la mpasuaji au la mti. Nilimjibu kwa jumla jumla, kwa sababu jibu kamili linahitaji kujua gogo lile lilikuwa na umri gani, lilitoka wilaya gani, lilikatwa lini, lilipasuliwa kwa mtindo gani, na ubao ulikaa vipi baada ya kupasuliwa. Hakuna aliyekuwa ameandika hata kimoja cha hivyo.

Hilo ndilo ombi lako la kwanza, fundi. Waambie wafuate gogo. Wachukue paini za miaka 10, 14, 18 na 22, kutoka kwenu West Nile kwenye joto na kutoka Mubende kwenye ubaridi kidogo, wazipasue, wazikaushe, wapime zinavyopinda na zinavyobeba uzito, kisha watupe jedwali la ukurasa mmoja: umri huu unafaa paa, umri huu unafaa makreti, umri huu usubiri. Mkulima akiona kwa macho kwamba mti wa miaka 18 unalipwa zaidi kwa kila futi kwa sababu haupindi, atakuwa na sababu ya kuuacha usimame. Leo mnunuzi analipa kwa ukubwa peke yake, na mwenye subira haoni faida yake.

Na wasiishie kwenye umri wa mti. Kuna msumeno. Mnyororo wa pawa, ule msumeno wa injini unaotumika vijijini kupasulia mbao, unakula karibu sentimita moja kila unapopita, wakati msumeno wa ukanda unakula milimita 2 au 3. Ubao wa inchi moja ni sentimita mbili na nusu. Piga hesabu mwenyewe: kwa kila ubao unaopasua kwa pawa, zaidi ya robo ya mti uliotumika imekuwa unga chini ya miguu yako. Tunahubiri watu wapande miti zaidi, na msitu mzima tumeuacha ukimwagika kama unga. Ninaona kutafuta njia ya bei nafuu ya kuwafikishia wapasuaji wadogo msumeno mwembamba ni kazi ya utafiti yenye heshima sawa na kugundua mbegu mpya.

Mikaratusi ina tabu yake tofauti. Mti ule unakua na mvutano ndani, nje ikivuta na katikati ikisukumwa, na ukiangusha tu unasikia gogo likipasuka mwishoni kabla hujafuta jasho. Dawa zipo: kupasua mapema kabla gogo halijakauka, kukata pande zote kwa zamu ili mvutano uachie sawasawa, kupiga vibao vya chuma mwishoni mwa gogo. Zinajulikana kwingineko. Hapa kwetu zinahitaji kujaribiwa na kufundishwa, kwa sababu mikaratusi tunayo tele na bado tunaiona ni ya nguzo na kuni tu.

Jambo la kukausha unaweza kulianza wewe kabla ya kikao. Chagua kipande cha paini cha urefu wa kiganja, kisicho na fundo, ukiandike namba. Kipime kwenye mzani wa duka kila Jumamosi, andika gramu na tarehe. Siku uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, kipande hicho kimelingana na hewa ya Arua; mbao ndefu zilizopangwa pamoja nacho hukauka polepole zaidi, kwa hiyo zipe muda wa ziada. Ukitaka unyevu kwa asilimia, mwishowe kikaushe kwenye joto la nyuzi 103 mpaka kisipungue tena: uzito wa awali ukiwa gramu 620 na uzito mkavu gramu 400, maji yalikuwa gramu 220, sawa na asilimia 55 ya mbao kavu. Mbao haianzi kusinyaa mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 30 hivi. Ndiyo maana ubao ulionunua umenyooka ulikuja kukusaliti ukiwa umeshapigiliwa misumari: maji ya mwanzo yalitoka bila kelele, ya mwisho ndiyo yaliyouvuta. Wakati unasubiri, panga mbao kivulini, juu ya matofali, na vijiti vya unene mmoja kati ya safu na safu vikiwa vimenyooka kutoka chini hadi juu, na mawe mazito kileleni.

Nikifika kwenye mkaa naomba uvumilivu, maana hapa ndipo roho yangu ilipo.

Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba zaidi ya kaya 9 kati ya 10 nchini zilikuwa zikipikia kuni au mkaa. Miti mingi inayokatwa Uganda haifiki kwenye karakana ya mtu yeyote; inafika jikoni. Zamani Kampala ilitegemea sana Nakasongola na Luweero kwa mkaa. Miti ya huko ilipopungua, na vita vya kaskazini vilipotulia baada ya 2006, malori yalipanda Acholi na kuendelea. Mwezi Mei 2023 Rais alitoa amri namba 3 ya mwaka huo, akapiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika kaskazini. Nyinyi mnaoishi huko mnajua vizuri kuliko mimi nini kilisimama na nini kilihamia usiku. Lakini sigiri za mjini hazikuzimwa siku ile. Swali la kuchunguza ni hili: mkaa uliokosekana kaskazini ulitolewa wapi, kwa miti gani, na bei ilimpiga nani? Marufuku bila hesabu hiyo ni kama kuziba tundu moja la debe linalovuja pote.

Tanuri la udongo la kawaida linatoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Tofauti ya chini na juu si ndogo. Gunia la kilo 60, kwa mchomaji anayepata 12 kwa mia, limekula nusu tani ya mti. Akipata 24, limekula robo tani. Msitu ule ule, magunia mara mbili. Na 24 si ndoto. Tanuri la Casamance, lililopewa jina la eneo la kusini mwa Senegal, lenye bomba la moshi na hewa inayoongozwa, hufika huko mikononi mwa mtu aliyezoea.

Kwa nini basi halikuenea? Nimeona mafunzo ya matanuri bora, na nimerudi baada ya mwaka nikakuta bomba limekuwa paa la banda la kuku. Watoa mafunzo walisema watu ni wagumu kubadilika. Mimi sikubali. Mzee mmoja mchomaji aliniketisha akanieleza: "Mti sikuununua. Bomba nimelinunua. Kesho nahama, nani atalibeba?" Katika maneno hayo machache kuna utafiti mzima. Mchomaji halipii mti, kwa hiyo hana sababu ya kuubana. Anacholipia ni jasho lake, na tanuri linalomwongezea kazi linamwibia. Yule mzee alikuwa na ujuzi ambao hakuufundishwa darasani: aligonga vijiti viwili, akisikia mlio mkali ndiyo anajua kuni zimekauka vya kutosha, zikitoa sauti ya bubu anaziacha. Kuni mbichi huteketeza sehemu yake yenyewe ili kufukuza maji. Sidhani tunahitaji tanuri jingine jipya. Tunahitaji kujua ni chini ya masharti gani ya ardhi, bei na umiliki mchomaji atakuwa na haja ya kutumia lililopo.

Halafu kisiki. Miti mingi ya nyika ya kaskazini ikikatwa inachipua tena, na mizizi iliyopo chini inaharakisha chipukizi kuliko mche wowote wa kitaluni. Lakini moto wa kiangazi ukipita, au mbuzi, chipukizi linakufa, na baada ya kufa mara tatu nne kisiki kinachoka. Kwa hiyo: tukate kwa urefu gani kutoka ardhini? Mwezi gani? Tuache machipukizi mangapi? Tuzuie moto miaka mingapi? Mti utarudia unene wa mkono baada ya muda gani, na unene wa paja baada ya muda gani? Haya si maswali ya maabara ya gharama kubwa. Yanahitaji kiwanja kilichowekwa alama, kijana mwenye futi ya kupimia na daftari, na mtu wa kurudi kila mwaka kwa miaka kumi. Wakiniambia nichague utafiti mmoja tu kwa nchi hii, nitachagua huu wa visiki. Nchi inayojua mti wake wa kuni unarudi baada ya miaka mingapi inaweza kupanga eneo la kukata na eneo la kupumzisha. Isiyojua inabaki kukimbizana na malori.

Kwenu kuna uzito wa ziada. Tangu 2016, Bidibidi pale Yumbe, pamoja na Rhino Camp na Imvepi, zimepokea watu wengi mno waliokimbia Sudan Kusini, na kila nyumba ina mafiga. Usiruhusu kikao kigeuke kuwalaumu wakimbizi. Mwenyeji na mgeni wanapikia mti ule ule. Sema tu kwamba vipimo vya kuni vifanyike kwa pande zote mbili, na waulizwe wanawake. Mara nyingi dodoso hujazwa na mwenye nyumba ambaye hajabeba mzigo wa kuni tangu utoto wake. Anayejua kwamba mwaka juzi ilikuwa mwendo wa saa moja na mwaka huu ni saa mbili ni mkewe na binti yake.

Wanawake hao hao ndio wenye mti wa shea, ule Waacholi wanaouita yaa. Mti huo unakaa miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, na unaendelea kuzaa vizazi kwa vizazi. Mafuta ya shea ya kwetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Mkaa wake ni mzuri pia, na hapo ndipo balaa lilipo: mti uliokuwa ukilisha nyumba kwa miaka mia unauzwa kwa magunia machache. Kupandikiza vikonyo ili shea izae mapema ni kazi inayostahili fedha. Lakini iende pamoja na swali la nani anamiliki mti kwenye ardhi ya ukoo. Kama mama anaokota mbegu na kijana wa ukoo ana haki ya kuukata, mche bora haumsaidii.

Kuhusu mbao ngumu, wewe umeliona jambo kabla ya takwimu. Tumezoea kupokea mkangazi (mahogani) na wenzake kutoka ng'ambo ya mpaka, na siku hizi unapungua. Badala ya kuuliza tutaipata wapi tena, tuulize miti gani ya mashambani kwetu inaweza kushika nafasi. Tiki mnaijua West Nile. Musizi unakua haraka lakini mbao yake ni nyepesi na hushikwa na ukungu usipoikausha upesi. Tena uwe mwangalifu nao: ni wetu hapa, ila ulipopelekwa Usambara Mashariki, Tanzania, ulivamia msitu wa watu. Mugavu ni imara, ukiupata ulionyooka. Miti hii iko kwenye migomba, kwenye mahindi, kwenye mipaka ya viwanja. Utafiti wa Taifa wa Biomasi, uliotoa ripoti yake mwaka 2003, ulithubutu kutembea mpaka mashambani na kupima. Ulikuwa kazi kubwa, na ningependa sana kuona miti ya mashamba ikipimwa kwa bidii ile tena.

Kisha mvule. Wazee wa Busoga na Teso wanaukumbuka ukiwa umesimama katikati ya mashamba kama nguzo za nyumba. Wengi wanauliza kwa nini hatuupandi kama paini. Sababu ya kwanza ni mdudu mdogo anayefyonza utomvu, jina lake la kitaalamu Phytolyma. Hutaga kwenye majani ya mche, jani linavimba uvimbe, uvimbe unaoza, na ncha ya mche inakufa. Ukipanda mivule mingi pamoja juani, umemwandalia karamu. Mche ulio peke yake, chini ya kivuli cha miti mingine, mara nyingi unanusurika. Mkangazi nao una kiwavi anayetoboa ncha changa, na mti unabaki na matawi kama mkono badala ya shina. Kwa hiyo tunahitaji majaribio ya kuchanganya miti, pamoja na kutafuta mivule ambayo mdudu haipendi, kukusanya mbegu zake na kuzipeleka kwenye Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti pale Namanve.

Sababu ya pili watu wachache wanaijua. Mvule una mti dume na mti jike. Mkulima mwenye huruma akiacha mvule mmoja shambani kwake, na majirani wote wakikata yao, ule mmoja unaweza kuwa jike asiye na mwenza. Utasimama miaka mingine mia, mzuri wa kutazama, bila kuzaa. Na hata ukizaa, anayebeba mbegu mbali ni popo, wale popo wakubwa wa rangi ya majani makavu wanaolala kwa maelfu kwenye miti ya Kampala, ambao watu huwafukuza kwa kelele na uchafu wao. Ni umbali gani kati ya dume na jike unatosha? Wamebaki wangapi kwa kila tarafa? Hilo linaweza kuchunguzwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere na wa chuo cha misitu cha Nyabyeya kwa pikipiki moja na ramani, na jibu lake lingemwambia mkulima mvule upi usikatwe hata kwa bei gani.

Misitu mikubwa ya asili nitaigusa kwa sababu moja: inafundisha subira. Budongo, karibu na Masindi, ilianza kupimwa katika viwanja maalumu na mtaalamu wa misitu W. J. Eggeling, aliyechapisha kazi yake mwaka 1947. Baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960, wasimamizi walitia sumu miti waliyoiona haina faida, mikuyu ikiwemo, ili mkangazi upate nafasi. Waliokuja baadaye, kwa sababu viwanja vilikuwa bado vina kumbukumbu, waliweza kuona msitu umejirudia kwa namna gani na nyani gani wameongezeka au kupungua. Kibale ilikatwa mbao pia, mwishoni mwa miaka ya 1960, na sehemu zilizokatwa sana hazikurudi vizuri. Magugu mazito yaliziba nafasi, tembo wakavunja miche, na miongo mingi baadaye uwazi ulikuwa bado wazi. Misitu miwili ya magharibi mwa nchi, shoka lile lile, majibu mawili. Mtu aliyetembelea mara moja asingejua. Leo Uganda ina hifadhi 506 chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, na maswali kama haya yanaweza kujibiwa katika chache tu ambako mtu aliwahi kupigilia kibati cha namba kwenye mti na mwingine akarudi kukisoma. Kulipia kurudi huko ni jambo gumu, kwa sababu wafadhili hupenda miradi ya miaka mitatu. Mti haujui mradi.

Wadudu wa mikaratusi nitataja kwa ufupi. Nyigu mdogo aitwaye Leptocybe, mwenye asili ya Australia, alionekana Uganda mwaka 2002, na anavimbisha vikonyo vya majani mpaka mche unadumaa. Havamii aina zote sawasawa wala maeneo yote sawasawa, na nchi nyingine wamemletea adui yake wa asili. Ukinunua miche ya mikaratusi, uliza jina la aina na ilikotoka, na ukae nayo kwenye karatasi. Kuuziwa "kalitunsi" bila jina ni kununua mbuzi gizani.

Umeuliza lini utafiti utatufaa. Majaribio ya kukausha na kupasua yanaweza kukupa jibu ndani ya miezi, mwaka mmoja hivi. Mkaa na soko lake, miaka miwili. Visiki vitaanza kusema baada ya miaka mitatu, na vitasema vizuri baada ya kumi. Mvule ni wa wajukuu wako, na ndiyo maana uanze mwaka huu.

Taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu iko Kifu, Mukono, mbali nawe. Lakini Abi, hapo hapo Arua, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha kanda, na vyote viwili viko chini ya shirika moja la taifa la utafiti wa kilimo, NARO. Nenda uwaone kabla ya kikao. Waambie unawapa pembe moja ya ekari zako iwe kiwanja cha kudumu: miti hamsini, kila mmoja na namba ya rangi, mstari wa rangi kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, na hapo ndipo futi izungushwe kila mwezi wa kwanza wa mwaka. Wewe andika kwenye daftari lako, wao waandike kwenye lao. Mapema kabla hujatoa idhini, wape tarehe ya kurudi na uwaombe waisaini.

Kikaoni nenda na ule ubao mbaya kuliko yote ulionao, kipande chako cha namba na uzito wake wa kila Jumamosi. Ulaze ubao sakafuni mbele yao, uwaache wautazame, ndipo uanze kusema.